Shimbwe Juu, Ambako Maji Yana Zamu

Ukitoka Moshi mjini kupanda Uru, joto la tambarare linakusindikiza kwa muda mfupi tu. Nyumba za mji zinaanza kuachana, mahindi yanajitokeza upande huu na upande ule, kisha barabara inainuka, dereva anarudisha gia, na hewa inayoingia dirishani inakuwa ya ubaridi, yenye harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni. Kuanzia hapo huoni tena shamba kwa sura uliyoizoea. Unaona migomba, na juu ya migomba miti mirefu, na katikati ya yote hayo mabati ya nyumba yanayomulika mara moja na kupotea. Mgeni angeapa kwamba anapita msituni, mpaka aone kamba ya nguo, mama anayefagia uwanja, na watoto wa shule waliovaa masweta wakitokea kwenye kichochoro chenye masale pande zote mbili.

Hivyo ni vihamba. Mkanda wake umejipinda kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro, kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, kuanzia Machame na Kibosho, ukapita Uru, Old Moshi, Kirua, Kilema, Marangu na Mwika hadi Rombo. Ndani ya mkanda huo wanaishi mamia ya watu kwa kila kilomita moja ya mraba. Wanalima, wanafuga, wanaoza watoto wao na kuzika wafu wao humo humo, na mlima umebaki wa kijani. Mahali pengine penye msongamano wa namna hii udongo ungekuwa umeshachoka siku nyingi. Hapa umelimwa kwa karne na karne, na bado ukichimba kwa vidole chini ya mgomba unatoka na udongo mweusi, laini, wenye minyoo.

Nilikwenda Shimbwe Juu, kijiji cha Uru, kutafuta sababu. Jibu la haraka ni mvua na udongo wa volkano, na ni kweli kwamba mlima huu umependelewa. Lakini mvua na udongo wa volkano vipo na kwingine, ambako watu wameshindwa kuelewana na ardhi ikawashinda. Ninavyoona mimi, nguvu ya Uru imo katika namna watu wake wanavyomiliki. Mgomba ni wa aliyeupanda. Udongo ulioushika mgomba ni wa ukoo. Maji yanayounywesha ni ya watu wote wa mfongo mmoja, yaani mfereji mmoja. Soko la kahawa iliyo kivulini mwake ni la chama. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeweza kufanya atakavyo bila kumgusa mwenzake, na huko kugusana ndiko kulikoulinda mlima.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu, mwenye umri wa baba yangu. Nilimkuta amesimama mlangoni mwa kihamba chake, panga mkononi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Karibu, lakini hivyo viatu vya mjini viache hapo. Huku kunateleza.”

Akanipa gambuti za mwanawe, tukaingia.

Jambo la kwanza linalokushangaza ndani ya kihamba ni mwanga. Jua la saa sita haliwafikii walio chini ila kwa vipande. Juu kabisa imetandaza matawi miti ya mringaringa na mruka, na mgrivea mmojammoja uliopandwa kwa ajili ya mbao. Mruka unapukutisha majani yanayorutubisha ardhi. Mringaringa unapendwa na nyuki, na mzee alikuwa ametundika mzinga wake kwenye tawi la katikati. Pembeni umesimama msesewe uliochubuliwa gome upande mmoja, kwa kuwa gome hilo chungu ndilo linaloipa mbege, pombe ya ndizi, ukali wake. Chini ya miti ipo migomba: mshare wa kupika, kisukari wa kula mbivu, na mingine ambayo mzee aliitaja kwa majina ya Kichaga mpaka nikashindwa kuandika. Chini ya migomba iko kahawa. Chini ya kahawa magimbi, maharage, maboga, na kiazi kikuu kilichojisokotea kwenye shina la mti uliokuwa karibu. Hapakuwa na mahali pa kukanyaga pasipokuwa na kitu kinacholiwa, kinachotibu, kinacholishwa mifugo au kinachoshika udongo.

Wataalamu wamejaribu kuhesabu. Utafiti mmoja unaotajwa sana, uliochapishwa mwaka 1984, ulikuta kihamba cha wastani kina ukubwa wa hekta 0.68, na kwa mwaka kinatoa kilo 280 za kahawa, kilo 125 za maharage na mikungu 275 ya ndizi. Watafiti wa mimea waliokuja baadaye wakaorodhesha zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya mlima huu, nyingi zikiwa zimejiotea zenyewe na wenyewe wakaziacha kwa sababu wanazijua kazi zake. Hizo ni hesabu za ardhi ambayo haipumzishwi. Hakuna msimu wa kuiacha ilale, hakuna kuchoma, hakuna kuhamia shamba jipya.

Kinachoiwezesha kimo bandani, nyuma ya jiko. Ng’ombe wa kihamba hatoki kwenda malishoni, bali malisho ndiyo yanayomfuata. Analishwa majani ya migomba, vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, na nyasi ambazo wanawake huzifuata mbali, nyingine huko tambarare, na kupanda nazo mlima zikiwa kichwani. Samadi inatoka bandani na kurudi chini ya migomba. Mama mwenye nyumba alikuwa akiisomba kwa karai wakati tunapita. Hakuimwaga shinani. Aliitandaza duara, pale alipojua mizizi michanga inapita, kisha akaifunika na majani makavu. Nilipomuuliza kwa nini anaifunika, alinijibu huku akiendelea na kazi kwamba samadi ikipigwa na jua inabaki jina tu. Mume wake alikuwa amenieleza kihamba vizuri sana kwa maneno. Yeye alinieleza kwa karai, na nadhani yeye ndiye aliyekuwa mwalimu zaidi.

Mpaka wa kihamba hauna ukuta wala seng’enge. Kuna masale, mmea wenye majani marefu ya kijani iliyoiva, uliopandwa mstari kutoka mfereji hadi njia. Isale hapa lina heshima ya pekee. Mtu aliyemkosea mwenzake akimpelekea isale kuomba msamaha, ni vigumu sana kwa aliyekosewa kukataa. Mmea uleule wa kupatanisha ndio unaogawa ardhi, na kuling’oa isale la mpakani usiku ni kosa ambalo wazee hawalichukulii kama ugomvi wa majirani wa kawaida. Hatua chache kutoka masale ya mzee kuna makaburi: babu, bibi, baba, na mtoto mmoja aliyefariki akiwa mchanga. Watoto wa leo wanacheza karibu yake. Anayeishi juu ya makaburi ya babu zake hafikirii ardhi kwa mahesabu ya bei ya ekari, hata akiwa na shida ya ada.

Kimila kihamba hakikuwa kitu cha kupeleka sokoni. Mwenyewe anakikalia, anakitunza, anakula matunda yake, lakini kukitoa nje ya ukoo ni shauri la kikao. Ndugu ndio wanaoulizwa kwanza. Mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa sehemu yake, na wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, akiwatunza mpaka mwisho wao. Wa katikati tangu zamani walihangaika kutafuta pengine, na pengine hapo ndipo ilipoanzia ile sifa ya Wachaga ya kusafiri na kufungua maduka kila kona ya nchi. Na Desemba wanarudi. Mabasi ya Moshi hujaa, barabara za vumbi za Uru hujaa magari yenye namba za mbali, na kila mmoja anakwenda kusimama kwenye kihamba alichozaliwa, hata kama kwa sasa ni cha mdogo wake.

Lakini yote hayo yasingetosha bila mfongo, nami sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikae Shimbwe kuliko nilivyokusudia.

Mfongo ni mfereji wa asili. Unaanzia juu kwenye korongo la mto, ambako watu wamepanga mawe, magogo na mabonge ya udongo wenye nyasi kutengeneza banio linalogeuza sehemu ya maji. Kutoka hapo unatambaa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, kiasi kwamba mahali fulani jicho linakudanganya kwamba maji yanapanda. Unazunguka mwamba, unavuka bonde, mara nyingine juu ya gogo lililochongwa, hadi unapofika kwenye mgongo wa kilima na kuanza kugawanyika: tawi hili kwa watu wa huku, tawi lile kwa watu wa kule, na vijitawi hadi kwenye kila kihamba. Urefu wa mifongo yote ya mlima huu ukijumlishwa hufikia mamia ya kilomita. Mingi ilikuwa ikitiririka kabla mmisionari Johannes Rebmann hajafika Uchagani mwaka 1848. Waliochimba hawakuwa na vyombo vya kupimia. Walifungulia maji kidogo, wakaona yanaelekea wapi, wakayafuata kwa jembe.

Ukoo uliochimba ndio uliokuwa na neno la mwisho juu ya mfongo wake, na wengine wakaingizwa kwa makubaliano. Siku hizi kuna kamati, mwenyekiti, daftari, na juu yao Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo kisheria ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji ya mto. Kiini lakini hakijabadilika. Hakuna mwenye maji. Kuna mwenye zamu.

Zamu ya mzee ilikuwa alfajiri. Tulitoka umande ukiwa mzito, yeye na jembe, mimi na tochi. Maji ya tawi yalikuwa yakipita mbele ya kihamba chake, kimya, yakielekea chini. Mzee alitazama simu kuangalia saa, maana zamani zamu zilipimwa kwa jua na siku hizi zinapimwa kwa simu. Saa ilipotimia aliinama akang’oa kizibo cha mabonge ya udongo na magome ya mgomba kwenye mdomo wa mfereji wake, akakipeleka kifuani mwa mfongo na kukishindilia kwa mguu. Maji yakasita. Yakavimba kidogo, yakatikisa majani yaliyokuwa yameelea, kisha yakageuka. Yalipoingia kihambani yalikuwa na rangi ya chai, nayo yalikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mzee alitangulia mbele yake akifungua njia: shimo la mgomba huu likijaa anaziba, anafungua la pili. Hakuzungumza. Aliruka migomba miwili iliyoonekana mibichi ya kutosha na kurudi kwenye mmoja ambao mimi nisingeuona kuwa una kiu.

Kabla ya zamu kwisha jirani wa chini alikuwa amesimama mpakani na jembe lake, kanga kichwani, mtoto mgongoni.

“Mzee, umeamkaje?”

“Salama, mama. Bado dakika kumi.”

“Sina haraka.”

Alikuwa na haraka, ilionekana. Lakini hakugusa maji. Dakika kumi zilipokwisha mzee alikuwa amebakiza mashimo mawili makavu upande wa chini, akaziba bila kulalamika, akarudisha kizibo mahali pake, na maji yakaenda kwa jirani. Nilisimama pale nikiwaza mahakama, mabaraza ya ardhi, na maafisa wa miradi niliowaona wakitumia siku nzima za warsha kufundisha watu usimamizi shirikishi wa rasilimali. Haya yalikuwa yamefanyika kwenye baridi, bila shahidi zaidi yangu, kati ya mzee mmoja na mama mmoja mwenye mtoto.

Kinachoshikilia uaminifu huo ni kazi. Mfongo usiposafishwa unakufa haraka kuliko watu wanavyofikiri: majani yanaziba, kingo zinabomoka, mafuko wanatoboa, na masika yakija na nguvu yanalibeba banio zima. Kwa hiyo unaitishwa msaragambo. Kila nyumba inayokunywa inatoa mtu mwenye jembe au panga, wanapanda hadi kwenye banio, wanashuka na mfongo bonde kwa bonde wakizibua. Asiyetokea anatozwa faini, na asiyelipa faini anapitwa na zamu. Huwezi kumtuma mtu na hela badala ya jasho ukadhani umemaliza, kwani siku ya msaragambo ndiyo pia siku ya kuonekana, kusemana, kumuuliza mgonjwa wa fulani anaendeleaje na kumwambia yule aliyeiba maji wiki iliyopita kwamba alionekana.

Lazima niseme pia kwamba maji haya hayaishii Uru. Mto Rau unashuka hadi mashamba ya mpunga ya Chekereni, huko joto liliko, na mito ya mlima huu inalisha bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Mto Pangani. Wa chini wanalalamika kwamba wa juu wanayamaliza. Wa juu wanajibu kwamba wao ndio wanaotunza miti inayoyaleta. Wote wana sehemu ya ukweli. Mfereji wa udongo unapoteza maji mengi kabla hayajafika, na kuusakafia kwa saruji kunasaidia. Ila nimeona mifongo iliyosakafiwa na mradi, kamati mpya ikaundwa kwa ajili ya fedha, na msaragambo ukafa. Saruji ikipasuka hapo hakuna anayejiona kuwa ni wajibu wake kuiziba. Serikali na wafadhili wakitaka kuisaidia mifongo, waanze na wale watu wa jembe.

Rudi nami kwenye kahawa, maana ndiyo iliyoijenga Uchaga inayoonekana leo. Mibuni ilifika Kilema kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na wenyeji wakaona upesi kwamba inakubali kivuli cha migomba. Walowezi hawakufurahi kuona Mwafrika naye akiuza kahawa. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya msingi unaohesabiwa miongoni mwa vyama vikongwe kabisa vya ushirika vya wakulima wa Afrika. Jengo lake bado liko katikati ya Moshi. Mwenye miche mia na mwenye miche elfu walipeleka kahawa kwenye ghala moja na kulipwa kwa utaratibu mmoja. Fedha hizo zilijenga shule na zahanati, zikasomesha watoto ambao wengine wao walikuja kuwa miongoni mwa viongozi wa nchi.

Ushirika umepigwa sana. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vyote vikuu vya ushirika nchini, na KNCU ikarudi mwaka 1984 ikiwa imepoteza watu na mazoea. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na katika miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi waliokuja na fedha taslimu hadi mlangoni. Mibuni mingi ya Uru ilizeeka pamoja na wenyewe. Mzee aliniambia kwamba miaka fulani aliiacha bila kuipogoa, akaitazama tu, lakini kuing’oa moyo ulikataa. Sasa anaipanda upya, miche inayostahimili ugonjwa, iliyotoka kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, na anauza kupitia chama.

Mwaka 1973 palitokea jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mashamba makubwa ya kahawa ya walowezi, yale yaliyokuwa chini ya vihamba, yalitaifishwa na kukabidhiwa vyama vya ushirika. Wakulima wadogo wakawa wamiliki wa pamoja wa mashamba ambamo baba zao walikuwa vibarua. Mengi ya mashamba hayo hayakwenda vizuri, na vyama kadhaa vimeyakodisha kwa wawekezaji. Nimewasikia wasomi wakitoa mfano huo kuthibitisha kwamba ardhi ya pamoja haiwezekani. Mimi nauona kinyume chake. Kihamba na shamba la chama viko kwenye mlima mmoja, kwa watu wale wale. Kimoja kimedumu kwa sababu kila tawi la maji na kila isale lina mtu anayejulikana kwa jina anayewajibika nalo mbele ya majirani zake. Kingine kilipewa watu kwa karatasi, kikasimamiwa na ofisi, na mkulima akabaki kuwa mwanachama wa siku ya mkutano. Umoja wa mali unataka jasho la kila wiki na macho ya jirani. Hivyo vikikosekana, hata iwe mali ya watu elfu, ni ya yule mwenye ufunguo.

Mwaka 2011 Shimbwe Juu ilitambuliwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kuwa eneo la urithi wa kilimo lenye umuhimu kwa dunia. Mradi ulioambatana na hadhi hiyo ulilenga kahawa ya kilimo hai, vanila, na samaki wa trauti kwenye maji ya mifongo. Nafurahia heshima hiyo. Ila urithi huu hauwezi kulindwa na kibao barabarani. Utalindwa au utapotea katika vikao vya koo, na humo kuna mambo mawili yanayoniuma.

La kwanza ni kukatwakatwa. Kihamba cha babu kimegawiwa baba na ndugu zake, kisha watoto wao, na leo utaona kijana aliyeoa akiishi kwenye robo ekari, nyumba imekula nusu, migomba iliyobaki haimtoshi hata ng’ombe mmoja. Ng’ombe akiondoka samadi inaondoka. Samadi ikiondoka udongo unaanza kuchoka. Mringaringa unakatwa ukauzwa mbao. Kisha anakuja mtu na gari zuri anayetaka kiwanja chenye kukiona kilele cha Kibo, na bei anayotaja inazidi kahawa ya miaka ishirini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imewapa wanakijiji silaha hapa: ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wote, hakimiliki ya kimila ina nguvu sawa na hati ya mjini, na mtu wa nje haingii bila halmashauri kukubali. Kuna koo zilizoanza kukubaliana kutogawa tena, ndugu wakamiliki hati kwa pamoja, mmoja akalima na wengine wakapata haki zao katika mavuno. Natamani kila ukoo wa Uru ufikie hapo kabla robo hazijawa robo za robo.

La pili ni mabinti. Nimeeleza mtoto wa kwanza wa kiume na wa mwisho wa kiume. Msomaji ameshaona nani hayumo. Mama anayetandaza samadi kwa karai, anayepanda na nyasi kichwani, anayepeleka ndizi sokoni kusomesha wanawe, kimila amekuwa akikaa kwenye kihamba kwa jina la mume au la mtoto wa kiume. Akifiwa, usalama wake unategemea tabia za mashemeji. Sheria ile ile ya 1999 inasema mwanamke ana haki sawa ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Hata kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza iliamua shauri lililotoka Kagera, kwa Wahaya wenye vibanja vya ukoo vinavyofanana sana na vihamba, ikatamka kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki juu yake sawa na mwanamume. Wanaosema binti akirithi ardhi itaondoka na mume wake wamesahau kwamba wanaouza vihamba leo kwa watu wa nje wengi wao ni wana wa kiume. Nilimuuliza mzee kuhusu watoto wake. Ana watano, wawili wanaume wako Dar es Salaam, na binti wa tatu ndiye aliyebaki kijijini, ndiye anayempogolea kahawa. Alisema ameshaandika jina lake. Kikao cha ukoo kilinung’unika, akawaambia waende wakaulize migomba inamjua nani.

Jioni ile tulikula mtori mzito wenye nyama ya mbavu, kisha kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, chakula ambacho chote kilitoka hatua hamsini kutoka tulipokaa isipokuwa chumvi na mbavu. Majirani wakaingia mmojammoja. Mbege ikaletwa kwenye kata, mama mwenye nyumba akaonja kwanza kama desturi inavyotaka, akampa mzee, mzee akanipa mimi. Ni chungu kwa mbali, tamu kwa mbali, nzito kiasi cha kushibisha. Mazungumzo yalikuwa ya banio: mvua ya juzi imelisogeza, na watu wa tawi la mashariki wanasema wao walichimba zaidi safari iliyopita.

Anayetaka kwenda asiende Machi hadi Mei kama hapendi matope; masika ya upande huu wa mlima hayana mchezo. Kati ya Julai na Desemba kahawa inachumwa, na utaona ikianikwa kwenye vichanja mbele ya nyumba. Fika kwanza ofisi ya kijiji ujitambulishe, chukua kijana wa hapo akuongoze na umlipe vizuri, na ndizi zako zinunue sokoni kwa akina mama badala ya kuzisubiri mjini. Kama siku hiyo umeitishwa msaragambo, omba jembe upande nao hadi kwenye banio. Mgeni asipokwenda hatozwi faini, lakini akienda, kata inamfikia mapema.